Maji Hayavutwi, Husukumwa

Mtu anywaye pombe kwa mrija husema ya kuwa anaivuta. Ndivyo tusemavyo sote. Lakini tukiuliza ni kitu gani hasa kinachoipandisha pombe, jibu si kinywa. Na tujaribu kwanza, ndipo tueleze.

Twatwaa chupa ya kioo, twaijaza maji mpaka shingoni, twaitia kizibo chenye tundu, na katika tundu twapitisha mrija. Kisha twaziba kwa nta kandokando yote, pasiwe na ufa wa kupitisha hewa. Basi mwanafunzi mwenye kifua kipana kuliko wenzake na aje anywe! Atavuta hata macho yamtoke, wala hatapata funda moja. Tukitoboa kizibo kwa sindano, mara maji yapanda. Kinywa ni kile kile, na mrija ni ule ule. Ila sasa hewa imepata njia ya kuingia na kuyakandamiza maji.

Kazi ya kinywa, basi, ni kupunguza hewa iliyomo mrijani tu. Hewa ya nje, isiyopungua, huikandamiza pombe chunguni na kuisukuma ipande. Maana hewa ina uzito: penye usawa wa bahari hukandamiza kila sentimita moja ya mraba kwa nguvu kama ya kilo moja. Hatuusikii mzigo huo kwa sababu hutukandamiza pande zote, na vilivyomo mwilini husukuma nje kwa nguvu iyo hiyo. Wenye kuumika kwa pembe huitumia nguvu hii bila kuitaja: hewa ikiisha kupungua ndani ya pembe, ngozi hutuna na damu hutoka.

Zamani wataalamu wa Ulaya walifundisha ya kuwa maumbile huchukia mahali patupu, hata maji hukimbilia kupajaza. Lakini mafundi wa pampu katika Italia waliona ya kuwa maji hupanda mita 10 hivi, kisha hukataa, pampu ijapokuwa nzuri namna gani. Galileo aliiandika habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1638. (Ajabu ya chuki iishiayo kwenye mita ya kumi!) Mwaka 1644 Torricelli alieleza katika barua jinsi mrija wa kioo, uliozibwa upande mmoja, ulivyojazwa zebaki na kupinduliwa bakulini. Zebaki ilishuka, ikasimama kwenye sentimita 76 hivi, na juu yake pakabaki patupu. Zebaki ni nzito kuliko maji mara 13.6; mwanafunzi na azidishe, ataziona mita zile zile za mafundi.

Tarehe 19 Septemba 1648, Florin Périer, shemeji yake Blaise Pascal, aliupanda mlima Puy de Dôme katika Ufaransa pamoja na zebaki yake. Mrija mwingine aliuacha mjini Clermont, katika bustani ya watawa, na Padre Chastin akauangalia mchana kutwa: haukubadilika. Kileleni zebaki ilikuwa imeshuka sentimita 8 hivi, kwa kuwa juu ya kilele hewa ni chache kuliko juu ya bonde.

Kilele kile kina mita 1,465 juu ya bahari. Mji wa Bukavu uko karibu mita 1,500! Huko hewa haiwezi kusukuma maji kupita mita 8 na nusu, tena kwa pampu isiyovuja hata kidogo. Katika kazi ya kila siku tusitumaini zaidi ya mita 6.

Hapa ndipo fedha za watu hupotea. Maji ya kisima yako mita 15 chini, kijiji kimechanga, na pampu ya kuvuta imewekwa juu ya ardhi. Mpini waenda siku nzima, maji hayaji. Watu husema fundi ni mwizi, au kisima kimerogwa. Hata mashine kubwa isingefaa, maana haiwezi kuongeza uzito wa hewa. Kisima kirefu chataka pampu ambayo silinda yake imezamishwa majini na kuendeshwa kwa fimbo ndefu ya chuma, ili iyainue maji kutoka chini.

Kabla ya kununua, teremsheni kamba yenye jiwe, mpime kutoka mahali pampu itakapowekwa hadi uso wa maji. Pimeni mwisho wa kiangazi, maji yakiwa chini kabisa.