Lala kisiwani, uende kinyume na foleni: Mombasa kwa siku tatu na pesa kidogo

Wengi wanaoniomba ushauri wa safari ya Mombasa huanza na hoteli: ipi ina bei nafuu, ipi ina bwawa, ipi iko ufukweni. Mimi huwaomba waanze na ramani. Mombasa yenyewe ni kisiwa. Kaskazini, daraja la Nyali linakuvusha kwenda Kisauni, Bamburi na Mtwapa. Kusini kuna kivuko cha Likoni. Magharibi, barabara ya Makupa inakupeleka Changamwe, Miritini na mwishowe Nairobi. Fort Jesus, Mji wa Kale, soko la Marikiti na bustani ya Mama Ngina vyote viko kisiwani. Fukwe kubwa za kuogelea na Haller Park ziko ng'ambo ya maji. Kwa mtu mwenye siku tatu na mfuko mwembamba, mpangilio huo una uzito kuliko bei ya chumba.

Sababu ni foleni. Wafanyakazi wengi wa mjini wanaishi bara, hasa Kisauni, Bombolulu na Bamburi. Asubuhi wanamiminika kuingia kisiwani, jioni wanarudi. Mgeni aliyechukua chumba Bamburi kwa kuwa kilipungua bei kidogo anaingia kwenye mkondo huo asubuhi anapokwenda kuona Fort Jesus, kisha anaingia tena jioni anaporudi, na nauli za matatu hupanda saa za msongamano, hupanda zaidi mvua ikinyesha. Akichoka kungoja, anakodi tuktuk au teksi, na ile nafuu ya chumba inaishia barabarani. Aliyelala kisiwani anakwenda kinyume. Asubuhi anatoka mjini wakati wengine wanaingia, jioni anarudi wakati wengine wanatoka, kwa matatu yenye nafasi na nauli ya kawaida. Usiku anatembea kwa miguu kwenda kula.

Kwa hiyo tafuta nyumba ya wageni kisiwani, karibu na Barabara ya Digo au pembezoni mwa Mji wa Kale. Kabla ya kulipa, uliza habari ya maji. Uhaba wa maji ya bomba ni tatizo la miaka mingi Mombasa, na chumba kizuri kisichokuwa na maji ya kuoga katika joto la pwani ni adhabu. Uliza kama wana tangi, kama feni inafanya kazi, kama kitanda kina chandarua. Kifungua kinywa usikilipie. Asubuhi utakipata barabarani kwa bei ndogo na ladha kubwa.

Anayetoka Nairobi anaweza kuja kwa basi la usiku au kwa Madaraka Express, reli iliyofunguliwa mwaka 2017. Tangu Januari 2024 tiketi ya daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa imekuwa shilingi 1,500 za Kenya, na ya daraja la kwanza 4,500. Chukua la kawaida. Ratiba iliyozoeleka ina treni ya saa mbili asubuhi, ya saa tisa alasiri na ya saa nne usiku. Watu wa kubana matumizi hukimbilia ile ya usiku wakidhani wameokoa gharama ya kulala, lakini inakufikisha Miritini, nje ya mji, kabla ya alfajiri, wakati matatu ni za kuhesabika na chumba chako hakijawa tayari. Ile ya saa tisa inakufikisha usiku, unalipia kitanda bila kuona chochote siku hiyo. Ninayoipendekeza ni ya asubuhi. Inakupitisha Tsavo mchana kweupe, na mwenye macho makali huwaona ndovu wenye rangi ya udongo mwekundu dirishani bila kulipa kiingilio cha mbuga. Unafika mchana, jioni nzima iko mbele yako. Tiketi hununuliwa mapema kwa simu, nayo huisha haraka mwisho wa juma na wakati wa likizo. Anayetoka Dar es Salaam au Tanga ana basi linalopita Horohoro na Lungalunga. Aandae hati yake ya kusafiria, na mifuko ya plastiki aiache nyumbani, kwani Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017.

Jioni hiyo ya kwanza nenda Mama Ngina, bustani ya ufukweni iliyokarabatiwa mwaka 2019. Wenyeji wa Mombasa huja hapa na familia zao, na mibuyu yake ni mikubwa na ya miaka mingi. Kaa ukutani, nunua mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa ikatiwa pilipili na ndimu, na dafu moja. Mbele yako ndiyo njia ya kuingilia bandari ya Kilindini, na meli kubwa za makontena hupita karibu kiasi cha kuwaona mabaharia. Hakuna hoteli ya kifahari inayoweza kukupa hilo.

Siku ya pili ni ya kaskazini, na hapa ndipo wageni wengi wanapopoteza siku yao, kwa kuwa hawakuuliza habari za maji kupwa na kujaa. Bahari ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na siku za bamvua tofauti ya kina hupita mita 3. Maji yakipwa, unakuta mchanga mtupu, majani ya bahari na vidimbwi, na maji ya kuogelea yamekimbilia mbali. Ukija na watoto wenye hamu ya kuogelea saa hiyo, utangoja sana.

Huhitaji kifaa chochote kujua, tazama mwezi tu. Unapoandama na unapokuwa mpevu, ni bamvua: Mombasa maji hujaa takriban saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa takriban saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata, nyakati hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Kwa hiyo baada ya wiki moja, mwezi ukiwa nusu, mambo yamegeuka. Maji hujaa asubuhi kuelekea saa nne au tano, na kwa kuwa hayo ni maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Mpangaji mzuri anaitumia kanuni hii. Ikiwa safari yako imeangukia bamvua, asubuhi nenda Haller Park, kisha uingie baharini alasiri maji yakijaa. Ikiwa imeangukia maji mafu, geuza: kuogelea asubuhi, miti na wanyama alasiri.

Ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao kila kondakta anauita Pirates, uko Bamburi na hauna kiingilio. Utakuta watu wa kukodisha maboya, wenye ngamia, wenye mashua. Patana bei kabla hujapanda, na utaje kwamba ni bei ya kwenda na kurudi. Fedha na simu ziache chumbani isipokuwa kile unachokihitaji.

Haller Park ina kiingilio, na ukilipie kwa moyo mweupe. Mahali hapa palikuwa machimbo ya matumbawe ya kiwanda cha saruji cha Bamburi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti katika shimo lisilokuwa na udongo, lenye maji ya chumvi na jua kali. Kati ya aina 26 za miti alizojaribu, ni 3 tu zilizostahimili, na iliyoshinda ilikuwa mvinje. Likabaki tatizo la majani yake magumu, ambayo yalianguka bila kuoza, na pasipo kuoza hakuna udongo. Alichofanya ni kuleta majongoo. Majongoo wakala majani, kinyesi chao kikawa rutuba, na leo twiga na viboko wanaishi kwenye kivuli cha msitu ule. Ni hapa pia alipoletwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamfanya kobe mzee aitwaye Mzee kuwa mzazi wake. Nenda na watoto, uwaeleze kisa cha jongoo kabla ya kuwaonyesha twiga.

Siku ya tatu ni ya miguu. Uwe kwenye lango la Fort Jesus saa mbili asubuhi, kabla jua halijakolea ukutani. Wareno waliijenga ngome hii kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, msanifu kutoka Milano. Waomani waliizingira tangu 1696 hadi walipoitwaa mwaka 1698. Waingereza waliifanya jela, na tangu 1960 ni makumbusho. Chukua kitambulisho chako, kwa kuwa raia wa Kenya hulipa kiasi kidogo kuliko wageni, na watu wa Afrika Mashariki wana kiwango chao. Usikimbilie picha za mizinga. Tafuta vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 ikija kuwaokoa waliozingirwa. Mwongoza wageni anafaa sana, ila akwambie malipo yake kabla hamjaanza.

Ukitoka, ingia Mji wa Kale kupitia Ndia Kuu. Hapa hakuna tiketi. Tembea polepole, utazame milango ya nakshi na roshani za mbao, upite Msikiti wa Mandhry, ambao ni wa karne ya 16, ushuke hadi bandari ya zamani. Watu wanaishi humu, hivyo vaa kwa staha na uombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Kula mahamri na mbaazi, viazi karai na maji ya ukwaju, kisha kahawa tungu kwa kipande cha halua. Mwezi wa Ramadhani panga kinyume: mchana vibanda vingi hufungwa, na ladha zote hutoka baada ya magharibi.

Kama una saa ya ziada, panda kivuko cha Likoni uende na urudi. Kwa waendao kwa miguu ni bure. Shikilia mkoba, na kamera isitoke, kwani kupiga picha pale hairuhusiwi.

Kuhusu majira, Desemba, Pasaka na likizo ya shule ya Agosti ndizo ghali. Aprili na Mei vyumba hushuka bei, lakini ni masika, na mvua ya pwani ikishika inaweza kukufungia siku nzima. Kwa mwenye uhuru wa kuchagua, ningesema Juni au Septemba: kusi inavuma, joto limepungua, mvua kubwa imepita. Kusi huleta majani mengi ya bahari ufukweni, nayo hayamzuii mtu kuogelea.

Zawadi nunua Marikiti asubuhi ya siku ya tatu: achari ya embe, mabuyu mekundu, kachiri, na iliki iliyopimwa mbele yako. Treni ya kurudi inaondoka saa tisa alasiri, nayo Miritini ina ukaguzi wa mizigo wenye foleni ndefu, kwa hiyo saa saba uwe umeshapanda matatu ya kutoka mjini.