Ndiva: Jinsi wakulima wa Same wanavyobana maji usiku ili mahindi yasikauke

Umewahi kupita barabara ya Dar kwenda Arusha ukafika Makanya, wilayani Same? Pande zote ni vumbi na miti ya miiba. Lakini ukiinua macho Milima ya Pare, kuna kijani. Mvua huishia huko juu. Sasa hawa wa chini wanalimaje?

Jibu ni ndiva.

Ndiva ni nini?

Ni bwawa dogo la kuhifadhi maji ya kijito. Zamani zilijengwa na koo za Wapare kwa udongo na mawe. Siku hizi baadhi zimesakafiwa kwa saruji.

Jioni tundu la ndiva linazibwa, maji yanajaa usiku kucha. Asubuhi linafunguliwa na maji yanashuka kwa mfereji hadi shamba la mwenye zamu.

Kwa nini wasiyaache tu yatiririke?

Kwa sababu maji kidogo hayafiki mbali. Mfereji mkavu unayanywa yote njiani.

Piga hesabu. Kijito kinatoa lita 5 kwa sekunde. Ukikibana saa 12, unapata lita 216,000. Ukizitoa kwa saa 4, pamoja na yale yanayoendelea kuingia, mfereji unabeba lita 20 kwa sekunde. Ni nguvu mara nne, na kijito ni kilekile.

Hali ikibadilika je?

Shida ni kwamba vuli na masika havitabiriki kama zamani, na wanaogombea maji wameongezeka. Kwa hiyo wakulima wanabadilisha mbinu:

• Kupunguza eneo. Maji yakiwa haba, bora umwagilie robo eka ivune kuliko eka nzima ikauke.

• Kubadili zao. Mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele, umeumia. Ngwara huvumilia, inaendelea kuishi kwa unyevu uliobaki ardhini.

• Kutunza unyevu. Matandazo, matuta ya kukinga maji na kutifua bila kupindua udongo hufanya zamu moja ya maji idumu siku nyingi zaidi.

• Kukamata mafuriko. Kule tambarare ya Makanya, mvua ikipiga mlimani maji hushuka kwa kishindo. Wakulima huyachepusha kwa vizuizi vya miti na udongo, yaingie mashambani. Likija furiko kubwa mno, linabeba kizuizi chenyewe na kazi inaanza upya.

Kwani saruji si ingemaliza tatizo?

Inasaidia, maji hayapotei njiani. Lakini angalia: wa juu akiokoa maji kisha akaongeza shamba, wa chini hapati kitu. Tena yale yaliyokuwa yakivuja mferejini, mengine yalikuwa yakirudi mtoni na kumfikia jirani.

Ndiyo maana kiini cha ndiva ni makubaliano zaidi ya ukuta: nani anaanza, nani anafuata, na nani anakuja kuzibua tope. Zamu zikivurugika, ndiva ikijaa pomoni bado shamba la mwisho litakauka.

Kama kwenu mnamwagilia kwa mfereji, kabla ya kuchangishana pesa za saruji, kaeni kwanza mkubaliane zamu. Na anayelima mwishoni kabisa mwa mfereji awepo kwenye kikao.