ADHD kwa watu wazima

ADHD kwa watu wazima ni tatizo la ukuaji wa ubongo linaloanza utotoni na kuendelea ukubwani. Kifupi hicho kinatokana na jina la Kiingereza lenye maana ya upungufu wa umakini pamoja na utukutu uliozidi. Ukubwani utukutu mara nyingi hupungua, lakini ugumu wa kufikisha kazi mwisho hubaki.

Kuacha kazi njiani

Mwenye ADHD anaweza kuanza kazi kwa ari, kisha ari hiyo ikaisha kabla kazi haijakamilika. Kwa mfano, anaanza kufua asubuhi. Simu inaita, anaingia ndani kuipokea, anaona chumba hakijafagiwa, anashika ufagio. Jioni nguo bado zimo kwenye beseni.

Mtu huyohuyo anaweza kukaa saa nyingi kwenye jambo linalomvutia. Kwa sababu hiyo wengi huitwa wavivu. Lakini mara nyingi anataka kuimaliza kazi na anajua namna ya kuifanya; kinachomshinda ni kujiongoza mpaka mwisho. Lawama za miaka mingi huweza kumfanya ajidharau.

Sababu

Urithi wa jeni una nafasi kubwa. Watafiti wanahusisha tatizo hili na dopamini na noradrenalini, kemikali zinazopeleka ujumbe kati ya seli za neva. Mwaka 1997 mwanasaikolojia Russell Barkley wa Marekani alieleza ADHD kuwa hasa ni tatizo la kujizuia na kujiongoza.

Utambuzi

Kufuatana na mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013, mtu wa miaka 17 au zaidi anatakiwa kuwa na dalili zisizopungua 5 za upungufu wa umakini au za utukutu, na baadhi ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12. Sonona, wasiwasi na kukosa usingizi vinaweza kuleta dalili zinazofanana, hivyo uchunguzi wa mtaalamu unahitajika.

Matibabu

Dawa kama methilifenidati husaidia wengi, nazo hutolewa na daktari. Ipo pia tiba ya kisaikolojia ya kurekebisha fikra na mienendo. Katika maisha ya kila siku husaidia kugawa kazi katika sehemu ndogo, kufanya kazi karibu na mwenzake, na kuandika hatua inayofuata kabla ya kuondoka, ili anaporudi ajue pa kuanzia.