Utangulizi: Anamwambia Nani?

Mnamo 1858, katika visiwa vya Lamu, mama mmoja aliyekuwa akiugua kwa mwaka mzima alimwita binti yake asogee karibu, aje na wino na karatasi. Mama huyo ni Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu. Binti ni Mwana Hashima. Wito huo ndio uliozaa utendi wa beti 102, na ningependa kila mgeni wa uwanja huu wa fasihi ya wanawake aanzie hapo, kwenye jambo dogo ambalo wengi huliruka: wino unaagizwa kabla ya nasaha kuanza.

Tukimsoma mwandishi wa kike, haraka yetu huwa ni kuuliza kasema nini. Swali hilo limemdhulumu Mwana Kupona. Wako wanaomsifu kwa kumfunza binti utiifu kwa mume, na wako wanaomlaumu kwa hilohilo. Mimi naona tufaidike zaidi kwa kuuliza anamwambia nani. Wosia wa mama kwa bintiye ulikuwa mlango ulio wazi, hakuna wa kuhoji kwa nini mama ausie. Akishaingia, anazungumza mengi: udi na mapambo, maradhi yake, ndoa yake, siku mume alipofariki akimwachia radhi. Sauti yake ilikua kwa sababu ilikuwa na sikio moja inaloliamini.

Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Unguja, alizaliwa 1844. Wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma, si kuandika. Akajifunza kwa siri: msahafu mbele yake, na mkononi mfupa wa bega la ngamia, akinakili juu yake herufi mojamoja. Hebu mfikirie. Hana mwalimu wa kumsahihisha, na mwandiko anaoufuatisha ni ule anaouheshimu kuliko wote. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, lakini mwenyewe anaeleza kwamba alianza kuziandika kwa ajili ya wanawe, waliokulia Ujerumani. Tena mama, tena watoto, safari hii bahari ikiwa katikati.

Ndyanao Balisidya alipita njia nyingine: katika *Shida* (1975) alimfuata kijana wa kiume, Chonya, akitafuta maisha. Wanafunzi huniuliza kama hiyo bado ni sauti ya mwanamke. Ni yake, na asiyekubali atakutana na hoja zangu katika sura ya nne.

Penina Muhando ndiye aliyeufungua mlango hadi uani. Katika *Nguzo Mama* (1982) wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo, na Bi Msimulizi anageukia hadhira nzima, wanaume wakiwemo. Amechukua nafasi ya bibi anayesimulia hadithi jioni, nafasi ambayo mwanamke alikuwa nayo siku zote, akaipandisha jukwaani. Hakulazimika kuazima sauti ya mtu.

Lakini usije ukadhani kwamba kila kitu kinaanza na karatasi. Sura ya kwanza ni ya wanawake ambao hawakuwahi kuagiza wino: waimbaji wa vugo, wanaoipiga pembe kwa kijiti na kumwimbia bibi harusi yale ambayo mchana hayatamkwi.