Swichi Imeungua, Aliyeiunguza ni Mota

Mwenye Peugeot 504 au Land Rover 109 akifika Gerezani kuulizia swichi ya feni ya hita, wauza spea humtania kwanza: hita ya nini Dar? Masika ndiyo yenye jibu. Mvua ikipiga, vioo vimepandishwa na abiria wanne wanapumua, kioo cha mbele huingia ukungu, na kwenye gari lisilo na AC hakuna kingine cha kuufukuza zaidi ya feni hiyo. Wapo pia wanaoiwasha makusudi kwenye foleni ya Msimbazi jua likiwaka, kwa kuwa rejeta ndogo ya hita hupokea sehemu ya joto la injini na mshale ukashuka. Dereva ataoga jasho, lakini silinda hedi itasalimika.

Feni ikigoma, lawama huangukia swichi kwa sababu ndiyo inayoshikwa kila siku. Lakini feni inayozunguka kwa spidi ya juu tu mara nyingi swichi yake ni nzima. Kilichokatika ni rezista, ule waya uliosokotwa unaopunguza umeme wa spidi za chini. Inayokata na kurudi ukikitikisa kitufe, hapo swichi ina kesi ya kujibu. Iliyokufa kabisa, anza na fyuzi na arthi. Na fyuzi zenyewe zina mtego: ile ya kioo ya Lucas iliyoandikwa 35 hukatika kwenye ampea 35, ila mzigo wake wa kudumu ni ampea 17 tu. Ukichomeka ya kisasa ya 35, waya ndio utageuka fyuzi.

Sasa mita. Washa feni, gusisha ncha moja panapoingilia umeme kwenye swichi na nyingine panapotokea. Swichi nzima husoma karibu na sifuri. Ukisoma volti 12, haiunganishi kabisa. Ukisoma sifuri na feni bado imelala, acha swichi, fuata waya hadi kwenye mota.

Kipimo cha katikati ndicho chenye habari. Tuseme umesoma volti 3 huku zinapita ampea 6. Mota inabakiwa na volti 9, ndiyo maana inajikokota, na wati 18 zinageuka joto ndani ya kidude cha plastiki kisicho na pa kupumulia. Hewa ya chumvi ya pwani huchangia, kwani shaba ya ndani hushika kutu na kuukinza umeme. Lakini mkosaji anayesahaulika zaidi ni mota iliyokauka bushi. Inazunguka kwa shida, inavuta ampea nyingi kuliko ilivyopangiwa, na swichi ndiyo inayoungua. Kwa hiyo izungushe feni kwa mkono kabla ya kutoa pesa. Ikikwama, tia oili ya mashine tone moja moja kwenye bushi na ukague kaboni. Vinginevyo swichi mpya itafuata njia ya ile ya zamani.

Swichi nyingi za enzi hizo hufunguka. Chomoa terminali ya betri, kisha ifungulie ndani ya mfuko wa plastiki, maana kuna springi na gololi inayopenda kurukia uvunguni. Sugua shaba kwa msasa laini, ifute, irudishe. Plastiki ikiwa imeyeyuka, usihangaike nayo.

Ukinunua ya mtumba Gerezani au Shaurimoyo, nenda na ya zamani mkononi na mita mfukoni, upime palepale dukani. Muuzaji akikataa isipimwe, hamia duka la pili. Kisha mwambie fundi umeme afunge relei kwenye spidi ya juu, na fyuzi yake karibu na betri: mzigo mkubwa upite kwenye relei, swichi ibaki na kazi ya kuiamsha tu, kazi isiyofika hata nusu ampea.