Hulka Mbalimbali, Kazi Moja

Aliyewahi kukaa katika kamati ya harusi amewaona watu hawa. Yuko anayezua mawazo kabla kahawa haijamiminwa, na asiulize tena wazo lake limefikia wapi. Yuko anayemjua kila mtu mjini, tangu mwenye mahema hata mpishi wa pilau. Yuko anayenyamaza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja likaivuruga bajeti nzima. Na yuko anayekesha akihesabu sahani.

Mwingereza Meredith Belbin aliuchunguza mchanganyiko wa namna hii kwa miaka mingi katika chuo cha mameneja cha Henley. Mameneja waliokuja kusoma walipimwa akili na hulka, wakagawanywa katika makundi, kisha wakashindana katika mchezo wa kuendesha biashara. Belbin akafanya ambalo wengi wetu tungelifanya: akawakusanya wenye akili kali kabisa pamoja. Makundi hayo aliyaita Apollo. Katika makundi 25 ya aina hiyo, 3 tu ndiyo yaliyoshinda. Kila mmoja alishughulika kutafuta kasoro katika hoja ya mwenziwe, hapana aliyekubali kushawishika, na kazi za lazima zikakosa mwenyewe.

Katika kitabu chake cha mwaka 1981 alieleza nafasi 8 ambazo kundi huzihitaji, na baadaye zikawa 9: mbunifu, mratibu, msukumaji, mpimaji wa hoja, mpatanishi, mkamilishaji na wenginewe. Lililonivutia zaidi ni kauli yake kwamba kila kipaji huja na udhaifu wake, na udhaifu huo yafaa uvumiliwe. Mbunifu husahau mambo madogo. Mkamilishaji huingiwa na wasiwasi, na huona taabu kumwachia mwingine kazi. Ukiung'oa udhaifu kwa nguvu, huenda ukang'oka na kipaji.

Nililiona hilo katika ofisi moja niliyofanyia kazi. Palikuwa na binti mpole aliyetunza daftari za ghala. Hata msumari haukupotea. Mkubwa wetu akasema binti huyu lazima ajifunze kuchangamka, akamhamishia kaunta ya wateja. Hakumwuliza. Baada ya miezi michache aliacha kazi, na daftari zile hazikupata tena kulingana na mali iliyomo. Nami nilikuwapo, na sikusema neno.

Lakini tusije tukaingia kosa la pili, la kumtia mtu katika kisanduku na kukifunga. Kipimo mashuhuri cha Isabel Briggs Myers na mamake, kilichotokana na maandishi ya Carl Jung, huwagawa watu katika aina 16. Wengi wakijibu maswali yale mara ya pili hupata aina nyingine, na wachapishaji wake wenyewe hawataki kitumiwe kuchagulia waajiriwa. Basi kiwe cha kuanzishia mazungumzo: wewe waona waweza nini, na wenzako wakuonaje?

Binti yule, nasikia, sasa anaweka hesabu za duka la vipuri. Mwenye duka hupiga soga na wateja kutwa, na hasaini oda yoyote mpaka binti ameipitia.