Ababu Namwamba: mwana wa Budalangi aliyeiongoza wizara ya vijana na michezo mara mbili

Kaunti ya Busia, iliyo mpakani mwa Kenya na Uganda, haina uwanja wa michezo wenye hadhi ya kimataifa. Hata hivyo, kaunti hiyo imetoa mawaziri wawili wa vijana na michezo katika serikali ya Kenya: Dkt Paul Otuoma wa Funyula na Ababu Namwamba wa Budalangi.

Namwamba aliishika wizara hiyo mara mbili, mwaka 2012 chini ya Rais Mwai Kibaki na tena mwaka 2022 chini ya Rais William Ruto. Mara ya pili aliondolewa Julai 2024, pale vijana wa Kenya walipojaa barabarani na rais akalivunja baraza lake la mawaziri.

Safari yake ya kisiasa inasaidia kueleza jinsi wizara hii inavyofanya kazi, kwa nini kiti chake hakidumu, na kwa nini kijana wa mpakani anaweza kuwa na waziri kutoka kwao bila kuwa na uwanja wa kuchezea.

Budalangi ni wapi?

Budalangi ni mojawapo ya maeneo bunge saba ya kaunti ya Busia. Liko kusini mwa kaunti, mahali Mto Nzoia unapoingia Ziwa Victoria, na mji wake wa pwani ya ziwa ni Port Victoria. Kwa miaka mingi jina la Budalangi limesikika kwenye taarifa za habari wakati wa mafuriko, mto unapobomoa kingo zilizojengwa kuuzuia na familia kuhamia kambini.

Kaskazini mwake kuna Funyula, makao ya Wasamia, ambao jamaa zao wako ng'ambo katika wilaya ya Busia ya Uganda. Ukiendelea kaskazini zaidi unafika kwa Wateso, ambao nao wamegawanywa na mpaka: wengine wako Amagoro na Malaba upande wa Kenya, wengine Tororo upande wa Uganda. Wilaya ya Busia ya Uganda yenyewe ilikuwa sehemu ya Tororo hadi mwaka 1997.

Vijana wengi wa eneo hili wanaishi kwa mpaka. Wapo wanaovusha bidhaa, wanaobadilisha fedha na wanaoendesha pikipiki. Hata neno "boda boda" linaaminika kuzaliwa hapa, pale waendesha baiskeli walipobeba abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine.

Aliingiaje katika siasa?

Namwamba ni wakili. Alichaguliwa mbunge wa Budalangi Desemba 2007 kwa tiketi ya chama cha ODM, akimshinda Raphael Wanjala.

Matokeo ya uchaguzi wa urais mwaka huo yalizua mgogoro mkubwa. Bunge lilipokutana Januari 2008 kuwaapisha wabunge, Namwamba alikula kiapo cha utiifu akimtaja hayati Raila Odinga kuwa rais, badala ya Mwai Kibaki aliyekuwa ametangazwa mshindi. Spika Kenneth Marende alimtaka arudie kiapo kama kilivyoandikwa, naye akarudia. Tukio hilo lilimfanya mbunge huyo mgeni ajulikane nchi nzima kwa siku moja.

Baadaye aliongoza Kamati ya Bunge ya Haki na Masuala ya Sheria, katika kipindi ambacho Kenya ilikuwa ikipata katiba mpya. Alipoteza uenyekiti huo mwaka 2011, baada ya kamati kugawanyika kuhusu majina yaliyopendekezwa na Rais Kibaki kushika nyadhifa za juu za sheria, akiwemo Jaji Mkuu.

Uwaziri wa kwanza

Mwaka 2012 Namwamba aliteuliwa Waziri wa Vijana na Michezo katika serikali ya muungano ya Kibaki na Odinga. Alimrithi jirani yake Otuoma, mbunge wa Funyula, aliyehamishiwa wizara ya Serikali za Mitaa.

Kipindi hicho kilikuwa kifupi, kwani uchaguzi mkuu ulifanyika Machi 2013. Jambo kubwa lililobaki ni Sheria ya Michezo ya mwaka 2013. Sheria hiyo iliunda shirika la Sports Kenya linalosimamia viwanja vya taifa, chuo cha kukuza vipaji, ofisi ya msajili wa vyama vya michezo, na jopo la kuamua migogoro ya michezo. Kabla yake, ugomvi mwingi wa vyama vya michezo uliishia katika mahakama za kawaida.

Uganda ilichukua muda mrefu zaidi. Sheria yake ya michezo ya mwaka 1964 iliendelea kutumika hadi Rais Yoweri Museveni alipotia saini sheria mpya mwaka 2023.

Kupanda na kuanguka

Namwamba alihifadhi kiti chake mwaka 2013, akaongoza Kamati ya Bunge ya Hesabu za Umma. Mwaka 2015 Bunge liliivunja kamati hiyo kufuatia madai ya rushwa miongoni mwa wanachama wake, madai ambayo yeye aliyakanusha.

Ndani ya ODM alifika hadi cheo cha Katibu Mkuu, lakini uhusiano wake na uongozi wa chama uliharibika. Alijiuzulu Julai 2016, akajiunga na chama cha Labour na kumuunga mkono Rais Uhuru Kenyatta.

Wapiga kura wa Budalangi hawakumfuata. Mwaka 2017 Wanjala, yule yule aliyeshindwa miaka kumi nyuma, alikitwaa kiti kwa tiketi ya ODM. Katika siasa za magharibi mwa Kenya wakati huo, kuihama ODM ilikuwa hatari kubwa kwa mwanasiasa yeyote wa Busia.

Hata hivyo, kushindwa kwenye kura hakukumaliza safari yake. Januari 2018 Kenyatta alimteua kuwa msaidizi wa waziri katika Wizara ya Mambo ya Nje. Ruto aliposhinda urais mwaka 2022, alimpa Namwamba wizara ya Vijana, Michezo na Sanaa.

Tofauti kati ya uwaziri wa kwanza na wa pili

Hapa ndipo katiba inapoingia. Mwaka 2012 Namwamba alikuwa waziri na wakati huo huo mbunge. Katiba ya mwaka 2010, ambayo kanuni zake kuhusu baraza la mawaziri zilianza kutumika baada ya uchaguzi wa 2013, hairuhusu mbunge kuwa waziri. Kwa hiyo mwaka 2022 aliingia wizarani bila kiti cha ubunge. Aliteuliwa na rais, akaidhinishwa na Bunge, na rais angeweza kumwondoa wakati wowote.

Uganda ni tofauti. Huko mbunge anaweza kuwa waziri, kama ilivyokuwa kwa Jacob Oboth-Oboth wa Tororo, aliyefanywa Waziri wa Ulinzi mwaka 2024 akiwa mbunge wa West Budama ya Kati. Aidha, Uganda haina wizara moja ya vijana na michezo. Michezo iko chini ya wizara ya elimu, na masuala ya vijana yako chini ya wizara ya jinsia na kazi.

Tofauti hii ina maana kwa mwananchi. Kijana wa Tororo mwenye waziri kutoka kwao anaweza kumwadhibu kwenye kura. Kijana wa Budalangi hakuwa na nafasi hiyo kwa Namwamba wa mwaka 2022.

Aliyoyafanya mara ya pili

Alikuta kandanda la Kenya limefungiwa. Novemba 2021 mtangulizi wake, Amina Mohamed, aliuvunja uongozi wa shirikisho la soka kwa tuhuma za matumizi mabaya ya fedha. FIFA, ambayo hairuhusu serikali kuingilia vyama vya soka, ikaifungia Kenya Februari 2022, na timu ya taifa ikaondolewa katika mechi za kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika. Namwamba aliurudisha uongozi ule ule, na FIFA ikaondoa marufuku mwishoni mwa Novemba 2022.

Uamuzi huo unaonyesha mipaka ya wizara. Waziri hutoa fedha za umma kwa vyama vya michezo, lakini akijaribu kuvisafisha kwa nguvu, nchi inaweza kufungiwa. Somalia ilipambana na suala linalofanana nalo mwaka 2023, pale wizara yake ya vijana na michezo ilipomsimamisha kiongozi wa chama cha riadha, kufuatia malalamiko kuhusu jinsi mkimbiaji alivyochaguliwa kwenda michezo ya vyuo vikuu huko Chengdu, China.

Mwaka huo huo wa 2022, riadha ya Kenya nayo ilikuwa hatarini kufungiwa kwa sababu ya dawa za kuongeza nguvu. Serikali iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano kupambana na dawa hizo, na adhabu hiyo ikaepukwa.

Septemba 2023, Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kwa pamoja uandalizi wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Machi 2024 ujenzi wa uwanja wa Talanta jijini Nairobi, unaokusudiwa kubeba watazamaji 60,000, ulizinduliwa rasmi.

Kuondoka kwake

Juni 2024 vijana waliandamana kupinga Mswada wa Fedha. Tarehe 25 waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, na watu kadhaa waliuawa. Siku iliyofuata Ruto alikataa kuutia saini mswada huo. Tarehe 11 Julai aliwafuta kazi mawaziri wote, isipokuwa Mkuu wa Mawaziri Musalia Mudavadi.

Baadhi ya waliofutwa walirudishwa katika baraza jipya. Waziri wa vijana hakuwa mmoja wao. Nafasi yake ilichukuliwa na Kipchumba Murkomen, kisha Salim Mvurya. Namwamba aliteuliwa baadaye kuwa mwakilishi wa kudumu wa Kenya katika Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao makuu Nairobi.

Na uwanja wa Busia?

Chini ya katiba ya 2010, wizara ya taifa hukuza michezo kwa ujumla na kusimamia viwanja vya taifa. Viwanja na shughuli za michezo za mashinani ni jukumu la serikali za kaunti. Kwa maana hiyo, kijana wa Port Victoria au Malaba anayetaka uwanja wenye nyasi na vyumba vya kubadilishia nguo anapaswa kwanza kubisha hodi kwa gavana.

Tangu mwaka 2022 gavana wa Busia ni Paul Otuoma, aliyewahi kuwa waziri wa michezo yeye mwenyewe. Tofauti na waziri, gavana huchaguliwa kwa kura na watu wa kaunti yake.

Agosti 2025 mashindano ya CHAN, yaliyoandaliwa na nchi hizo tatu, yalichezwa Nairobi na Kampala, huku miji ya mpaka ikibaki njia ya kupita. Kombe la Mataifa ya Afrika litakuja mwaka 2027, mwaka ule ule ambao Wakenya watapiga kura tena mwezi Agosti. Wapiga kura wa Busia watakuwa na nafasi ya kuwauliza wagombea wa ugavana swali ambalo waziri wa Nairobi hakulazimika kulijibu.